Nyama ya Harusi ya Kaka

Kila nisikiapo kisu kikinolewa kwenye jiwe, ule mkwaruzo wa taratibu, mate hunijaa kinywani kwanza, kisha huzuni hufuata. Mtanisamehe. Mimi na Mwanaidi tulikulia kwenye sauti hiyo.

Miaka ya hamsini Kihesa yetu ilikuwa bado mashamba, na mji wa Iringa tuliutazama kwa mbali. Karibu wote tulikuwa Wahehe na Wakristo. Familia ya Kiislamu ilikuwa moja tu, ya Mzee Salum, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Binti yake Mwanaidi na mimi tulikuwa chanda na pete. Penye harusi au msiba wowote, Mzee Salum ndiye aliyeitwa kuchinja, ili hata wageni Waislamu kutoka mjini wale pamoja nasi. Alikunja mikono ya kanzu, akanoa kisu, akamlaza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu. Ujira wake ulikuwa shingo, na supu ya shingo hiyo sisi wasichana wawili tuliihesabu kuwa ni yetu.

Mwaka ambao kaka yangu alikuwa anaoa, mtoto wa jirani mmoja alipotea machungani. Ukazuka uvumi wa mumiani, wale wanaosemwa kunyonya damu ya watu na kwenda kuiuza. Nani ana kisu kirefu? Nani hasali na sisi? Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati la Mzee Salum mchana kweupe. Mbuzi wao wakakatwa miguu. Mwanaidi akatemewa mate kisimani, nami nikamfuta uso kwa upindo wa gauni langu. Tangu siku hiyo mama aliniagiza nisimwache aende kuteka maji peke yake.

Mtoto alipatikana kwa shangazi yake Mafinga, kanenepa. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi, na mawe hayakukoma.

Harusi ilipokaribia, majirani walimjia baba wakimtaka atafute mchinjaji mwingine. Baba alikuwa mkaidi, mtu wa kujibu huku akiendelea na kazi yake.

"Hii ng'ombe bila Baba Mwanaidi haichinjwi," alisema. "Mkimkataa, mtaikuta inakula majani mpaka harusi iishe."

Mzee Salum akaja, akachinja. Nyama ikaiva, harufu yake ikatanda uwanja mzima, na wageni wakakaa kando wameikunjia mikono. Wa mjini waliogopa hata kufika. Ulanzi waliunywa wote, hawakubakiza tone, lakini sahani za nyama zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Bibi harusi alilia. Tukala sisi wa nyumbani na familia ya Mzee Salum. Mimi na Mwanaidi tulikunywa supu kwa hasira mpaka matumbo yakauma.

Tukiwa tunaosha vyombo, jiwe likatua juu ya bati letu. Lilibingirika likaangukia uani. Mzee Salum aliliokota, akaligeuzageuza mkononi.

"Sasa wamefika na kwako, ndugu yangu," alisema.

"Waache. Watachoka wenyewe," baba alijibu.

Wiki hiyohiyo lori lililokuwa linakwenda Chunya liliwabeba Mzee Salum na familia yake pamoja na magodoro yao. Mwanaidi alikaa juu ya mzigo na hakunipungia, maana mikono yote miwili ilikuwa imemshika kuku wao. Nililia siku nyingi, na kimoyomoyo nilimlaumu baba yake kwa woga.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo siku moja, nikiwafunika wanangu, nikaelewa. Mzee Salum alivumilia mawe juu ya nyumba yake miezi mizima. Juu ya nyumba yetu lilipoanguka moja tu, akahama. Alituondolea sisi ubaya ule kwa kuondoka yeye, na moyo wangu uliuma kana kwamba lori lile limeondoka asubuhi hiyo.

Baba alilijua hilo tangu mwanzo. Hakuchinjisha tena ng'ombe nyumbani kwake. Hata kwenye harusi yangu mimi watu walikula maharage, wakacheka, na mjomba akamuuliza kama amefilisika.

"Mchinjaji wangu yuko Chunya," baba alimjibu, akaendelea kupakua.