Egidi na Bunduki ya Risasi Kumi

Mume wangu Egidi Manirambona ni mbishi tangu nimjue, na pimbi wa Ulyankulu wamemwongezea ubishi. Wanashuka kutoka kwenye mawe mchana kweupe na kutafuna maharage yetu mpaka shina. Gobore alilorithi kwa baba yake lilitawanya vyuma ovyo, likaharibu shamba kuliko pimbi wenyewe. Akahangaikia kibali polisi miezi saba. Kilipotoka tukaenda Kigwa kwa Bundala, askari wanyamapori mstaafu, kuchagua bunduki ndogo.

Bundala alikuwa nazo mbili. Moja hulishwa risasi moja moja kwa mkono. Nyingine hubeba kumi. Ukifyatua moja, inayofuata inaingia yenyewe.

"Hii ya kumi," Egidi akasema, hata hajaigusa. "Pimbi hawaji mmoja mmoja."

"Ijaribu kwanza, mzee mwenzangu."

Akalenga kopo juu ya kichuguu. Likaruka. Egidi akacheka, nami nikacheka naye, maana furaha yake ni adimu.

Kisha akasimamisha bunduki, kitako chini, akainama na kuweka mdomo kwenye tundu la mtutu.

Wenye gobore wote hufanya hivyo. Ukishapiga, unapuliza mtutu mpaka moshi utokee nyuma, ndipo umimine baruti mpya. Cheche ikibaki ndani, itakulipukia. Baba yake alipoteza vidole viwili kwa kutopuliza. Lakini gobore likishapiga huwa tupu. Hii ilibaki na tisa.

Niliogopa hata kumwita, asije akashtuka.

"Egidi," Bundala akasema polepole, "usisogeze mkono. Inua kichwa tu."

Akainua. Bundala akaichukua bunduki, akavuta chuma cha pembeni, risasi ikadondoka mchangani. Egidi akaitazama, jasho likimtiririka.

"Nimesahau," akasema. "Sitarudia."

Bundala alirudisha kopo kwenye kichuguu, akampa ile bunduki nyingine na risasi moja. Egidi akalenga, akapiga, kopo likaanguka. Mimi na Bundala tukangoja. Kitako kikashuka chini, shingo ikainama, akapuliza.

"Tunachukua hii," nikasema.

Miaka thelathini ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza Egidi hakunibishia.