Kazi Isiyo na Kosa

Mwalimu Kasmiri alitoka katika ukoo wa wavuvi, lakini tangu utotoni hakupenda nyavu. Alipenda vitu vinavyotii. Alifundisha hesabu Butiama hadi alipostaafu, kisha akarudi nyumbani kwao Makoko. Huko, kwenye meza inayotazama ziwa, aliendelea kuijenga Furu.

Furu ni samaki wadogo wa ziwa letu. Aliipa kazi yake jina hilo kwa sababu ilikuwa ndogo na nyepesi: ndiyo iliyochora madirisha, vitufe na menyu kwenye kompyuta chakavu za Linux, mfumo usiolipiwa, ambazo wengine walishazitupa. Programu ya kupimia samaki pale mwaloni Musoma, wavuvi wanaposhushia samaki, ya maktaba ya shule Butiama, ya ushirika wa pamba Kiabakari, zote zilisimama juu yake. Wengi walioziandika walikuwa wanafunzi wake.

Kisha vituo vya kompyuta vya huku kwetu vikaamua kuwa na kiwango kimoja. Kitakachoingia kwenye kiwango kingewekwa katika kila kompyuta. Kitakachoachwa kingefutwa, pamoja na programu zote zinazokitegemea. Kasmiri hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Furu.

Kikao cha kamati kilifanyika Kabasa, Bunda, katika ukumbi wa kanisa. Hezron, mhandisi mwenye sauti laini, alikuwa mwenyekiti. Kompyuta kongwe kuliko zote iliwekwa mezani na Furu ikafungua madirisha yake kabla feni haijaanza kulia vizuri. Watu walipiga makofi. Leseni yake nayo ilikuwa huru, haikuwa na shida. Likabaki sharti moja: ioneshwe kwamba inatumika, na kwamba makosa yake hupokewa na kurekebishwa hadharani.

Hezron akafungua ukurasa wa makosa wa Furu, ule wa mtandaoni ambao watumiaji huandika kasoro wanazokutana nazo. Ulikuwa mweupe.

"Mwalimu, hapa hakuna kitu."

"Ndiyo," Kasmiri alisema, na kidevu kikapanda. "Hakuna."

"Kompyuta haina adabu kiasi hicho. Kitu kinachotumika hulalamikiwa. Huu ukurasa unaniambia ama hakuna anayeitumia, ama makosa yake yanafichwa."

Kasmiri akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alisimama. "Wananipigia simu! Kila wiki wananipigia, narekebisha."

"Nani?"

Aligeukia viti vya nyuma, walikokaa wanafunzi wake. "Elias, si ulinipigia Jumapili? Sema."

Elias wa ushirika wa Kiabakari akasimama, mikono nyuma. "Nilipiga kukusalimia, Mwalimu."

"Ukasema kitufe kinaganda!"

"Hapana, Mwalimu. Kazi yako ni safi. Sisi huwaga tunaisifu tu."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Waliamini wanamwokoa. Nani angesimama mbele ya wageni na kumtajia mtu mzima makosa yake?

Hezron akamgeukia Penina, mjumbe wa kamati aliyesimamia kompyuta za mwaloni. "Wewe unaitumia kila siku. Umewahi kukuta kosa?"

Penina ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuandika kwenye ukurasa ule. Wakati huo alikuwa kidato cha nne, mwanafunzi wake. Aliandika kwamba menyu ikifunguliwa, herufi za chini hazionekani. Alikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata Kasmiri alimsimamisha mbele ya darasa. "Penina, baba yako akichanika suruali, unaita kijiji kizima kije kutazama?" Darasa lilicheka hadi likalia. Akayafuta maneno yale mbele yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeandika tena. Mwenye shida alipiga simu, akaanza na shikamoo.

Sasa Penina alimtazama mwalimu wake kwa utulivu. Kasmiri aliona wazi kwamba anakumbuka kila kitu. Akamwomba kwa macho aseme ukweli.

"Sijawahi kuona kosa lolote," Penina alisema.

Hakukuwa na ushahidi kwamba makosa yake hurekebishwa hadharani, Furu ikaachwa. Penina akapewa kazi ya kuifuta.

Nje ya ukumbi alimkuta Kasmiri ameegemea pikapu yake. Alipiga goti kidogo, kama anavyopaswa msichana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia.

"Nimekusitiri," Penina alisema. "Kama ulivyotufundisha." Akafuta vumbi kwenye goti, akarudi ndani.

Elias aliomba lifti. Pamba ilikuwa imekauka mashambani, na jua lilimpiga mzee usoni bila yeye kuinua mkono kulizuia. Walipofika Kiabakari Elias alishuka, akasita, akazunguka hadi dirishani kwa dereva.

"Mwalimu, pole kwa leo. Hawa watu hawajui kitu." Akatazama huku na huku, barabara ilikuwa tupu. Hata hivyo akashusha sauti. "Samahani lakini, kile kitufe cha kuhifadhi bado kinaganda. Utaniangalizia?"

Kasmiri alizima injini. Elias alingoja kwa adabu.

"Kwa nini hukusema kule?"

"Mbele za watu, Mwalimu?" Elias alishtuka kweli. "Mimi nitakuvunjiaje heshima?"

Kesho yake, mezani kwake Makoko, Kasmiri alilitafuta kosa lile, akaliona, akalirekebisha vizuri kama kawaida yake. Hakuliandika popote.