Vifungo vya Singapuri katika Karai la Mwanamkisi

Kisiwani Amu wapo walioogopa papa, wapo walioogopa majini, na alikuwapo mzee mmoja, jina lake tuliache, aliyemwogopa mkewe kuliko hao wote. Mwanamkisi hakuogopa chochote ila kutoalikwa harusini. Alikuwa mzaliwa wa Pate, mkaanga bajia wa mtaa wa Langoni, mjane mwenye binti mmoja, Shifaa, na pembe moja ya nyati. Ungemuuliza kipi anakipenda zaidi kati ya viwili hivyo, angeomba muda wa kufikiri.

Pembe ile alipewa na mamake siku alipopanda mashua bandarini Mtangawanda kuja kuolewa Amu. Ndiyo aliyoipiga kwenye vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, na akiigonga kwa kijiti chake hata punda vichochoroni walibadilisha mwendo wakafuata mapigo. Mwenye pembe husimama mstari wa mbele, akaonekana, akatajwa, akaalikwa tena. Asiye na pembe hukaa nyuma na masufuria.

Tena alikuwa na sifa nyingine, na hiyo ililetwa na meli. Kakake, Famau, alikuwa baharia, na kila meli yake ilipotoka nchi za mashariki ikatia nanga Mombasa, alimtumia dada yake kitu cha kutafuna. Mara ya kwanza ilikuwa kopo la tangawizi iliyogandishwa kwa sukari, kali hata jirani mmoja aliyekuwa kiziwi akasema, "Nasikia!" Kisha zikaja peremende za Kijapani, kila moja imeviringwa karatasi nyembamba isiyobanduka. Wanawake walikaa kuiparura kwa kucha, mpaka Shifaa akachoka akaitia mdomoni vivyo hivyo.

"Mama! Karatasi yaliwa! Imeyayuka!"

Langoni nzima ilirukwa na akili. Watu walikula karatasi na peremende, kisha karatasi bila peremende. Wapo waliojaribu hata karatasi ya sabuni, na hao tuwaache na mapovu yao.

Kwa hiyo Famau alipotuma kutoka Singapuri bweta kubwa, la karatasi ngumu, lina maandishi ya Kichina na picha ya kamba mwekundu mwenye masharubu, Mwanamkisi hakungoja hata kulifungua. Siku hiyohiyo kulikuwa na mkusanyiko wa kupanga harusi ya binti wa Bi Rahima, papo hapo Langoni, na Barka alikuwapo. Barka ndiye aliyeongoza pembe za mtaa wa pili, Mkomani, mwanamke mrefu, mwenye pua iliyozoea kuangalia watu kwa juu. Akasema, kana kwamba anajisemea, kwamba harusi za Langoni ni bajia jana, bajia leo, na bajia kesho Mungu akipenda. Mwanamkisi alichukua pembe akamjibu kwa wimbo:

*Nitawalisha Alhamisi kitu msichokijua,*
*mkitema kimoja tu, pembe yangu chukua!*

Wanawake wakapiga vigelegele. Barka akanyosha mkono kama anayepokea tayari. "Nimekubali. Na nisipotema?"

"Usipotema, utatamka mbele ya watu kwamba Langoni kuna mpishi."

"Heri nimeze hiyo pembe!"

Basi Mwanamkisi akarudi nyumbani mbio, buibui linapepea kama tanga, akafungua bweta. Ndani mlikuwa na vidude vya mviringo, vyembamba, vigumu, vyeupe na vya waridi na vya kijani, vinang'aa. Ukiviweka kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili.

"Peremende nzuri hizi!" akasema.

"Na huyu kamba, mama?" Shifaa aliuliza.

"Alama tu. Kibiriti kina picha ya simba. Umewahi kutafuna simba ukiwasha moto?"

Akatia kimoja mdomoni. Akanyonya. Akaswali alasiri, akarudi, akanyonya tena. Hakikuyayuka, hakikuwa na sukari, kilikuwa na uchumvi kwa mbali, kama kifungo cha kanzu ya mvuvi. Alikitwanga, mchi ukaruka ukagonga boriti ya dari. Alivichemsha vingine kwa tui, vikawa gundi, na paka aliyeilamba alikaa siku mbili hawezi kulia nyau, akawa anapunga mkia tu akiomba. Kukaanga hakukumjia akilini hata mara moja. Nani akaangaye peremende? Ingeunguza karai, na karai ndilo lililomlisha.

Usiku wa kuamkia Alhamisi aliifuta pembe yake kwa mafuta ya nazi, akaifuta tena. Shifaa akamwambia, "Mwambie Bi Barka kwamba bweta limeharibika njiani."

"Nimeimba, mwanangu. Neno la kusema lajutwa, la kuimba lalipwa."

Alhamisi kiwanda cha nyumba ya Bi Rahima, ule ua wa ndani, kilifurika watu. Mwanamkisi alikaa pembeni mbele ya karai lake, akikaanga bajia za kunde, uso umemwiva kwa moto na kwa mengine. Vidude vyake vilikuwa kwenye sinia, vimefunikwa kawa. Mkomani wakaingia na pembe zao, Barka mbele, wakiimba:

*Ahadi ya Langoni, povu la pwani,*
*laja limeumuka, ukishika hamna ndani!*

Barka akasimama mbele ya karai. "Haya, Bi Mwanamkisi. Tumekuja na meno yetu."

Mwanamkisi akafunua kawa. Rangi zile ziliwafanya wanawake waseme "Aah!" wote pamoja. Barka akachukua kimoja cha waridi, akakitia mdomoni, akauma. Kukasikika *kwa!* Kila mtu akamtazama shavu.

"Subhanallah! Mwanikirimu vifungo?" Akakitema mkononi, akakiinua watu wakione. "Bi Rahima, shuhudia. Nimetema. Lete pembe!"

Mama wa bibi harusi alimtazama Mwanamkisi kwa huruma. Mwanamkisi akavuta pembe kutoka chini ya buibui lake. Ilikuwa nzito siku ile kuliko siku zote. Shifaa akageuza uso.

"Na hivi tuvifanye nini?" Barka alishika kingine kutoka kwenye sinia, akakizungusha kati ya vidole. Hakuridhika na kushinda, alitaka wacheke. "Wewe kazi yako kukaanga tu. Basi vikaange!" Akakirusha kwenye karai.

Mafuta yalikuwa ya moto hasa. Kidude kikazama. Kikatulia kwa muda wa mtu kusema "Bismillahi". Halafu kikajikunja kama kilichotekenywa, kikatetemeka, na *faaa!* kikafumuka, kikapanuka, kikachanua kama ua la yungiyungi, kikawa kikubwa kuliko kiganja, chepesi, kinaelea, kinacheza juu ya mafuta!



"Kiko hai!" mtu akapiga yowe, na nusu ya Mkomani wakakimbilia daka, kibaraza cha mlangoni.

Mwanamkisi ndiye wa kwanza kurudiwa na akili. Akakiopoa kwa kijiko cha matundu, akakipuliza, akakivunja. *Krrap!* Akatafuna. Mato yakamtoka usoni.

"Kamba!" alipaza sauti. "Ni kamba! Yule wa kwenye bweta! Shifaa, lete sinia! Lete yote!"

Akamwaga konzi moja ndani. Karai likalipuka kwa maua, meupe, ya waridi, ya kijani, yanasukumana, yanapanda, yanafurika pembeni. Waliokimbia wakarudi. Mikono ikaingia. *Krrap, krrap, krrap!* Kishindo cha meno kilivuma kikavuka kisiwa hadi kijiji cha Matondoni, na mafundi wa majahazi wa huko, wanavyosimulia wenyewe, walishika nyundo na pamba ya kuziba nyufa wakaanza kukagua majahazi, wakidhani mbao zimepasuka. Wanaobisha wawaulize hao mafundi.

Barka alikuwa amepokea kimoja bila kujua. Akakila. Akala cha pili akijua. Cha tatu alikificha ndani ya kanga.

"Umetema?" Bi Rahima akamuuliza.

"Sikutema." Akapangusa midomo. "Lakini nilitema kile cha kwanza. Na hiki, nani amekipika? Mimi! Yeye alinikirimu vifungo. Mimi ndiye niliyetia mafutani. Pembe yangu!"

Kukazuka zogo. Mkomani wakasema haki ni haki. Langoni wakasema haki haina meno, na aliye na meno amekwisha kula. Bi Rahima akaketi juu ya kitanda cha kamba akashika kitwa kwa mikono miwili. Mwanamkisi alitazama pembe iliyo mkononi mwake, akamtazama Barka, na pole pole tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo likahamia wa pili.

"Bi Barka, dadangu. Sema tena wasikie walio nyuma. Nani amepika?"

"Mimi!"

"Umepika wapi?"

"Hapa! Hapahapa mbele ya mato yenu!"

"Na hapa ni mtaa gani?"

Barka akageuka kutazama mlango.  Wanawake walikuwa wamekwisha kuelewa, na kigelegele kilichopaa hapo kiliangusha kunguru wawili kutoka ukutani.

"Basi Langoni kuna mpishi!" Mwanamkisi alisema. "Umelitamka mwenyewe, tena mbele ya watu, wala sikukushika koo. Na mpishi, dadangu, mahali pake ni motoni, si kwenye pembe." Akamtia kijiko cha matundu mkononi, akamkalisha kwa heshima zote kwenye kigoda. "Kamata. Mafuta yasipoe, watu wana njaa."

Barka akakitazama kijiko. Akasema: "Angalau mnipe kuni kavu."

Mwanamkisi akajifunga kanga kiunoni, akaingia mstari wa mbele, akainua pembe. Vugo likaanza, na halikuwahi kupigwa vile, kwa sababu kila mpigaji alikuwa na mdomo umejaa. Nyuma yao, katika moshi, mwanamke mrefu alikuwa anatia vidude mafutani kimoja kimoja, na kila kimoja kilipochanua alijisahau akacheka kama mtoto, akapaza sauti kushinda ngoma:

"Tazameni hiki! Nyinyi, tazameni hiki, kikubwa kuliko vyote!"