Kitambaa Changu Kionekane

Kwenye kikundi chetu cha kushona, neno kujitolea linapendwa sana. Linatajwa kwenye sala ya kufungua, linatajwa kwenye sala ya kufunga, na hapo katikati hakuna anayelifanya.

Tuko wanawake kumi na nne. Mimi ndiye mdogo wao, mtu wa darasa la saba, na niliingia kwa sababu mwenyekiti ni mama yangu mkubwa. Tunashona mablanketi ya viraka. Unaunga vipande vya vitenge kwa cherehani, ndani unatandaza masweta makuukuu ya mtumba, halafu unashikiza vyote kwa mkono, kwa sindano ile ya kushonea magunia. Kuunga vipande kila mtu anataka, maana unakaa unapiga umbea. Kushikiza kunatoboa vidole, kwa hiyo siku hiyo watu wote wanaumwa mgongo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, upepo wa kwetu unakata masikio, mama mkubwa akamwahidi nesi wa zahanati mablanketi manane ya chumba cha wazazi. Nesi, maskini, akaamini. Yale ya zamani akayachana akayafanya madekio. Vitanda vikabaki na magodoro yenye mpira juu, baridi kama tumbo la chura, na kijijini kuna wajawazito watatu wa kujifungua wakati wowote. Mama mkubwa akawa akiona sare ya nesi kwa mbali anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Na alikuwa amevaa kandambili.

Alhamisi akaitisha kikao, akachemsha chai ya maziwa, akakaanga maandazi.

"Wenzangu," akasema, "vipande vimeshaungwa. Nahitaji watu sita tu wa kujitolea kushikiza. Nimeahidi Jumamosi, na nimeahidi kwa mdomo wangu."

Ikasikika sauti ya maandazi yakitafunwa.

Katibu wetu, anayeongea kama taarifa ya habari, akajifuta mdomo. "Mwenyekiti, mimi naunga mkono hoja."

"Huo mkono nautaka kwenye sindano."

"Hapo sasa nina mgeni."

Mwingine akadakia, "Mimi alizeti yangu inaliwa na ndege."

"Si uliivuna wiki iliyopita, mama?" nikamuuliza. "Tena nilikusaidia kufunga magunia."

"Ndege wa siku hizi wanatoboa."

"Basi tupe hao ndege waje washikize."

"Wewe mtoto, unaongea na nani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenyekiti, mimi najitolea kumtoa huyu binti. Mdomo wake una nguvu, na mikono itakuwa nayo."

Wakacheka wote. Mama mkubwa hakucheka. Aliinamia birika kama anasoma kitu kwenye mfuniko. Huyu ndiye mtu aliyewapikia misiba yao yote, na sasa alikuwa anaomba siku mbili. Nikakasirika, na mimi nikikasirika ninakuwa mpole sana.

"Mama mkubwa, usiwasumbue wazazi wangu," nikasema. "Tutashikiza mimi na wewe. Ila tufumue vipande vyao, tuweke vya vitenge vyetu wawili tu. Nesi akifua, si anaanika kwenye uzio wa barabarani? Watu wakienda gulioni wataona wenyewe nani alifanya kazi. Wakiuliza cha katibu kiko wapi, tutasema ana mgeni."

Kwetu ukivaa kitenge kipya Jumapili, Jumatatu kijiji kizima kinajua nani kakununulia. Hakuna kipande kisichojulikana mwenyewe. Maandazi yakaacha kutafunwa.

Kesho yake asubuhi walikuja wote. Mgeni wa katibu aliondoka hata hatukumwona akifika. Mama wa alizeti alikuja na kipande kipya kabisa, amekikata kwenye kitenge alicholetewa na mkwe, anataka kibandikwe juu ya kile cha zamani.

"Changu kikae katikati," akasema.

"Katikati atalalia mgonjwa," nikamwambia. "Pembeni ndiko kunaning'inia."

Heri ningenyamaza. Ugomvi wa pembeni uliisha saa sita mchana, maana kila mmoja alitaka pembe kwenye yote manane, na blanketi lina pembe nne na wao wako kumi na wawili. Lakini mikono ilikuwa inakwenda. Kila mmoja alishikiza kipande chake kwa nguvu zote, eti kisije kikafumuka mbele za watu, na kila aliyeshikiza chake alisukumia blanketi kwa mwenzake. Jumamosi saa tisa yalikuwa manane, na mama mkubwa akayabeba kichwani hadi kwa nesi akiwa amenyoosha shingo.

Wenzake walikuwa wanangoja nesi afue. "Nifue nini," nesi akawauliza, "hayajalaliwa."

Jumanne binti wa jirani akajifungua. Kikundi kizima kikaenda zahanati kumpa hongera, na mimi nikiwa nyuma. Waliingia, wakasalimia, wakainama wote kwa pamoja kwenye ukingo wa kitanda, wakaanza kupekua blanketi. Katibu alikuwa amepiga goti kabisa.

Binti wa watu akakisogeza kichanga kifuani.

"Mama zangu," akasema, "mtoto yuko huku."

"Tunakuja," katibu akamjibu.