Mama Alipoulowesha Mwamba wa Felista

Felista alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kusomea shahada ya uzamivu, na alichokisomea kilikuwa kigumu kukieleza nyumbani. Watu wa kijiji chao, Ngana, walimjua daktari wa binadamu na daktari wa ng'ombe. Daktari wa mawe hawakuwahi kumsikia.

Aliwaeleza hivi: nchi zenye mitambo ya nyuklia zina taka za mionzi, na taka hizo hubaki na madhara hata wajukuu wa wajukuu wetu wawe wamekwisha kuzikwa. Wataalamu wanataka kuzifukia chini sana, ndani ya mwamba wa mfinyanzi, yaani udongo ule ule wa vyungu ulioshindiliwa na uzito wa ardhi mpaka ukawa jiwe. Kazi yake ilikuwa kupima kama mwamba wa namna hiyo hunasa chembe zenye madhara, au huziacha zifuate maji.

"Kwa hiyo unasomea takataka," mama yake alisema.

"Ndiyo, mama. Na udongo."

"Udongo sawa. Hapo hujauacha ukoo."

Mama huyo, Teodora, alikuwa Mkisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amezaliwa katika nyumba ya wafinyanzi akaolewa Ngana kwa wakulima wa mpunga na kokoa. Alipofiwa na mume, vyungu vyake ndivyo vilivyomsomesha binti.

Kiangazi kile mtambo wa kuchimba visima ulikuja Ngana, na ukiwa kwenye kisima cha kwanza ulipita kwenye mwamba aliokuwa akiutafuta Felista. Fundi Asajile, msimamizi wa mtambo, alikubali kumtolea vipande vya duara, virefu kama miche ya sabuni. Felista alivifunga pale pale kwa karatasi ya aluminiamu, akavipaka nta. Unyevu uliomo ndani ya mwamba ndio wenye siri yote. Ukitoka, au maji mengine yakiingia, kipimo kimeharibika. Aliviweka ndani ya ndoo moja, akaificha stoo penye kivuli, akaenda Mbeya kutafuta usafiri wa kuvipeleka maabara.

Aliporudi, mama alimpokea kwa furaha ya mtu aliyetenda jambo jema.

"Udongo wako ulikuwa unakufa, mwanangu. Kipande kimoja nta ilipasuka, nikagusa, kikavu! Nimekutunzia vyote."

Ndani ya stoo vipande vyote vilikuwa vimevuliwa nta, vikanyunyiziwa maji ya mtoni, vikafunikwa matambara mabichi na majani ya migomba. Hivyo ndivyo kila mfinyanzi wa Ikombe anavyoutunza udongo usipasuke. Hakuna namna ya kumlaumu mtu aliyefanya vizuri kazi anayoijua. Felista alikigusa kipande kimoja, kikamvunjikia mkononi kama ugali uliolala.

"Nimekosea?" mama aliuliza. Uso ulikuwa umebadilika.

"Umevitunza, mama. Ila mimi sikukwambia kwamba havitakiwi maji." Alisema hivyo, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia.

Jioni alimpigia mwenzake wa maabara, Brighton. Yeye alicheka kwanza.

"Vikaushe juani, vipake nta, vilete. Namba zitatoka tu. Dada, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe peke yako. Na muda wako wa masomo unakwisha, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Bila mwamba huo hakuna tasnifu, na miaka yake minne imekwenda bure. Lakini alijua pia namba za udanganyifu huishia wapi. Tumekwisha kuwazoea wasomi wa namba za kupika, na tunawapa vyeti na kuwapigia vigelegele. Daraja lililopimwa na mwongo huanguka akiwa bado hai, na watu humnyooshea kidole. Kaburi la taka za mionzi lililopimwa na mwongo litavuja juu ya watu ambao hata majina hawajapewa, nao hawatakuwa na wa kumuuliza. Felista alikata simu, akampigia msimamizi wake, Dokta Jubilate, akamweleza ukweli wote.

"Hivyo vitupe," Dokta akasema. "Mtambo bado uko huko?"

Ulikuwapo, kwenye kisima cha mwisho, kitongoji cha pili. Maji yalikwisha kupatikana. Ilibaki kufunga pampu. Felista alipomweleza haja yake, Fundi Asajile alijikuna kichwa.

"Naweza kushuka zaidi nikufikishe kwenye mwamba, halafu nizibe chini nisiwaharibie maji yao. Lakini pampu itachelewa siku mbili, dada. Kisima ni cha wale akina mama. Waombe wao, mimi sina neno."

Akina mama wa kitongoji kile walikuwa wakichota mtoni mwaka hadi mwaka. Felista aliona aibu hata ya kufungua kinywa. Teodora ndiye aliyetangulia, khanga imefungwa kiunoni, akasimama mbele ya ndoo zao.

"Mwagonile, akina mama! Nimekuja kuomba. Mawe ya mwanangu niliyaharibu mimi, kwa mikono yangu hii."

"Uliyafinyanga chungu?" mmoja alidakia, wakaangua kicheko.

"Wakisi nyie, mkiona udongo mnawashwa!"

"Ningefinyanga chungu mngekwisha kukinunua," Teodora alijibu. "Niliyamwagia maji."

Nancy, mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni, hakucheka. Vicheko vilipotulia alimgeukia Felista.

"Shoga, nasikia mawe hayo ni ya kuzikia sumu ya Wazungu. Tukikupa siku zetu mbili, kesho si watakuja kuizika hapa?"

Ilikuwa rahisi kuapa kwamba jambo hilo halitatokea kamwe. Felista hakuapa.

"Sijatumwa na mtu anayetafuta pa kuzikia. Napima jiwe tu, na hakuna sumu niliyoleta Ngana. Lakini siwezi kuahidi kwa niaba ya watu nisiowajua. Siku mtu akija na habari hiyo, nitakuwa nimekwisha kuja kuwaeleza mwamba wenu unanasa nini na unaachia nini, ili mjue la kumuuliza."

"Angalau hujatudanganya," Nancy akasema. "Mto hatukuanza kuuzoea leo. Chimbeni."

"Chimbeni, lakini Mama Felista asikae karibu na maji!" mwingine akapaza sauti.

Mtambo ulinguruma tena. Vipande vilipopanda, Felista alivikata na kuvifunga huku Teodora akikoroga nta motoni, mikono yake akiiweka mbali na mwamba kama mtu aliyekatazwa pipi. Safari hii sanduku la vipande liliondoka kwa basi la Mbeya siku ile ile, na Dokta Jubilate akalipokea mwenyewe.

Felista hakuondoka nalo. Alibaki mpaka pampu ilipofungwa. Maji ya kwanza yalitoka na matope, kisha yakatakata, na akina mama wakasukumana kwa shangwe. Nancy alimsogezea ndoo.

"Chota wewe kwanza, daktari wa mawe."

"Hapana. Mimi ndiye niliyewachelewesha."

Alishika mpini wa pampu akawapampia wao. Kila ndoo ilipojaa alisema, "Ndaga," nao wakamjibu, "Ndaga fijo," kana kwamba hawajui nani anamshukuru nani. Viganja vilianza kumchubuka. Teodora alitaka kumpokea mpini, Felista akamkatalia, akaendelea mpaka mama wa mwisho alipojitwika ndoo yake akaondoka.