Shanga za Udongo za Dada Mwanaidi

Nikisikia harufu ya mafuta ya mbarika, hata niwe juu ya lori langu, hupandisha kioo upesi. Nina malori mawili na nyumba ya bati pale Kilole, na shule niliishia darasa la pili. Wenye vyeti huja kwangu kuomba kazi. Harufu ile tu ndiyo imenishinda.

Enzi za Mwingereza tulikaa kijijini, Handeni. Mama alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vikifika hadi gulio la Korogwe. Mwaka ule dada yangu Mwanaidi alikuwa mwali, amewekwa ndani, na Mama alimfinyangia shanga za kuvaa siku ya kutoka. Zikishachomwa hupakwa rangi zetu: nyeupe ya chokaa, nyeusi ya masizi, nyekundu ya udongo uliosagwa kwa mafuta ya mbarika.

Dada alizoea kunichokoza kupitia ukutani. "We kichwa boga, nikitoka utanitambua." Kisha homa ikamshika, uchokozi ukakoma.

Mama akataka kumpeleka hospitali, Korogwe. Bibi, mzaa baba, akaketi mlangoni.

"Mwali haoni jua shingo tupu. Mvalishe kwanza."

"Mama, mtoto anaungua."

"Basi fanya upesi, mwanangu."

Shanga hukaushwa kivulini siku nyingi ndipo zichomwe. Mama alizitia motoni zikiwa mbichi. Zikapasuka pa, pa, kama bisi, nami nikacheka, nikamwambia dada kupitia ukutani kwamba Mama anakaanga bisi.

Mama alichakura majivuni, akapata chache nzima, akazipaka rangi, ua mzima ukinuka mbarika, akazitunga. Bibi akazipima kwa macho.

"Hazizunguki shingo hizo."

Mama akarudi kwenye udongo. Alikuwa bado anafinyanga Bibi alipotoka ndani amejishika kichwa. Mwanaidi alitolewa nje mchana, juani, amefunikwa shuka nyeupe, na hapo hakuna aliyeulizia shanga.

Miaka mingi niliamini kwamba Mama alichanganyikiwa, akasahau kazi yake. Sasa nimempita umri aliokuwa nao. Mtu aliyechoma vyungu tangu usichana hasahau kwamba udongo mbichi hupasuka. Alijua. Alizitia motoni hivyo hivyo, akiomba zipone za kutosha shingo moja.