Spika Alipopoteza Sauti

Wanafunzi walimwita Spika, maana sauti yake ilifika viti vya nyuma bila kipaza sauti. Alifundisha takwimu chuo kikuu. Mkuu wa idara, akijua hana wa kumtetea, alimrundikia madarasa makubwa yote. Wahadhiri wenzake walikuwa marafiki wa mkuu tangu ujana. Walikunywa chai pamoja, na akiingia yeye mazungumzo hukatika. Mkataba wake ulikaribia kwisha, basi akafyata ulimi.

Sauti ilipoanza kukwaruza, alimwambia mumewe ni mafua. Kisha koo likawa kama limemeza mchanga, naye akaishi roho mkononi. Mwalimu asiye na sauti atakula wapi? Nyumbani alinyamaza kuitunza, hadi watoto wakadhani amewanunia.

Asubuhi moja, ukumbi umefurika, alifungua kinywa ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Nyuma mtu akacheka. Jasho jembamba likamtoka, akashika meza asianguke.

Jirani yake wa ofisi, mmoja wa wale wa chai, alikuwa akipita mlangoni. Alimwona, akaingia, akachukua kalamu ya ubao.

"Kaa, dada. Umeishia wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole. Jirani akafundisha hadi mwisho.

Nje, Spika alinong'ona, "Usimwambie mkuu. Atanifukuza."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, dada. Tulikuona, tukajifanya ni mwepesi. Kesho kikaoni nitasema."

Hapo ndipo hofu ilipomzidi. Usiku huo hakupata hata lepe la usingizi.

Kikaoni jirani alisema, "Darasa lake moja nachukua mimi. Nani mwingine?"

Mkuu akakunja uso. "Kwani amelalamika?"

"Alalamike kwa sauti ipi?"

Mama mmoja mtu mzima akainua mkono, taratibu. Kisha mwingine. Mkuu akamgeukia Spika. "Kweli yamekuelemea?"

Angeweza kukana, yaishe. Akaitikia kwa kichwa.

Daktari alikuta kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akamwamuru anyamaze wiki kadhaa. Wenzake walimshikia madarasa, na aliporudi hawakumrudishia yote. Mkataba uliongezwa, ingawa mkuu alichukua muda mrefu kuitikia salamu yake. Chai sasa anakunywa nao.

Lakini hofu haikumtoka yote. Hadi leo, akiamka, kabla hajakanyaga sakafu, humwita mumewe kwa jina polepole, asikie kama sauti bado ipo.